Kununua nyumba Phoenix, Arizona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua mtaa

Phoenix peke yake ina watu wapatao milioni 1.6, lakini mtu akikwambia anakaa Phoenix huenda anakaa Mesa, Chandler, Gilbert, Tempe, Glendale, Peoria, Surprise au Buckeye. Miji hii imeshikana mpaka hujui umetoka mmoja na kuingia mwingine saa ngapi, na wenyeji huiita yote kwa pamoja Bonde. Niliponunua nyumba yangu ya kwanza hapa nilitazama vyumba, jiko na bei, basi. Mtaa niliuchukua kama ulivyokuja. Kiangazi cha kwanza kilinitia adabu, na tangu hapo kila ndugu anayehamia huku kutoka majimbo ya baridi huniuliza haya yafuatayo.

Wakati gani ni mzuri kwenda kuutazama mtaa?

Mwezi wa saba, saa kumi na moja jioni. Najua hukutaka kusikia hivyo. Watu wengi huja Machi, hewa imepoa, michungwa imechanua na mtaa mzima unanukia, na jioni hiyohiyo wanaweka ofa. Machi mtaa wowote wa Phoenix ni mzuri.

Mwaka 2023, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, joto lilifika Farenhaiti 110 au zaidi kila siku, siku 31 mfululizo. Hiyo ni kama 43 za Selsiasi. Mwaka 2024 siku za namna hiyo zilikuwa 70 kwa mwaka mzima. Basi siku ya kutazama nyumba, egesha gari mwanzo wa mtaa, tembea kwa miguu mpaka mwisho wake, urudi. Angalia kivuli kinaanzia wapi na kinaishia wapi, kama kituo cha basi kina paa, kama kuna mtu yeyote aliye nje. Halafu rudi saa tatu usiku uweke kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Ukuta wa nyumba yangu ya kwanza saa hizo ulikuwa bado wa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na upande wake wa ndani ndipo kilipoegemea kitanda cha watoto.

Kama huwezi kuja kiangazi, njoo mwezi wowote lakini saa za alasiri, na usikubali kuonyeshwa nyumba asubuhi tu.

Kweli joto linatofautiana mtaa kwa mtaa? Si jangwa ni lilelile?

Linatofautiana, na usiku ndipo utakapojua. Lami, zege na maegesho makubwa hunywa joto mchana kutwa, kisha hulitapika usiku. Julai 2023 kulikuwa na usiku 16 mfululizo ambao kipimo rasmi cha jiji hakikushuka chini ya Farenhaiti 90, yaani 32 za Selsiasi, hata alfajiri. Mtaa wenye miti mikubwa na ardhi iliyo wazi hupumua mapema. Ule uliozungukwa na maghala na barabara pana huchelewa.

Tofauti hii ina historia yake. Kwa miongo mingi watu Weusi na wenye asili ya Meksiko walibanwa kusini mwa reli, mabenki yakiyakwepa maeneo yao, na huko ndiko viwanda vilikopelekwa na miti haikupandwa. Leo sehemu nyingi za kusini mwa katikati ya jiji bado zina kivuli haba. Mwaka 2021 jiji lilifungua ofisi maalumu ya kukabiliana na joto, na miti inapandwa, ila mti wa mwaka huu hautakufunika wewe kesho.

Usilichukulie hili kama suala la starehe. Mwaka 2023 kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilirekodi vifo 645 vilivyohusishwa na joto. Wengi walifia nje, na kati ya waliofia ndani, wengi walikutwa kiyoyozi kimeharibika au hakipo kabisa.

Nyumba ielekee upande gani?

Kaskazini au kusini. Mchana wa kiangazi jua la hapa liko karibu utosini, na ukingo wa paa unatosha kuufunika ukuta wa kusini. Jua la alasiri ndilo lenye matata: liko chini, linaingia moja kwa moja dirishani, na linakuja ukuta ukiwa umeshachemka tangu asubuhi. Sebule yenye kioo kikubwa upande wa magharibi ni tanuri.

Uwani nako kuna hesabu yake. Uwa ulio mashariki mwa nyumba hupata kivuli cha nyumba yenyewe kuanzia alasiri, kwa hiyo jioni mnaweza kukaa nje. Ulio magharibi utautumia miezi ya baridi tu. Nyumba mbili zinazotazamana kwenye mtaa mmoja, zilizojengwa na fundi mmoja, zinaweza kupishana sana katika bili ya umeme kwa sababu hiyo. Toa simu, fungua dira, usimtegemee dalali akwambie.

Maji je? Tunasikia yanakwisha.

Hapa tukae kidogo, maana kuna hofu isiyo na msingi, na kuna hofu ambayo watu hawana ilhali wangepaswa kuwa nayo.

Bonde linakunywa kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni mito ya Salt na Verde, inayosimamiwa na Salt River Project, shirika lililoanzishwa 1903. Bwawa lake kongwe, la Roosevelt, lilikamilika 1911. Ya pili ni mto Colorado, unaoletwa kwa mfereji wenye urefu wa kama kilomita 540 unaokatiza jangwa. Ya tatu ni maji ya chini ya ardhi. Jiji lenye mikono katika vyanzo vyote vitatu, kama Phoenix, Tempe au Mesa, lina pa kushika kimoja kikipungua. Na Colorado imepungua: Agosti 2021 serikali kuu ilitangaza upungufu kwa mara ya kwanza katika historia ya mto huo, na mgawo wa Arizona ukakatwa kuanzia 2022. Pigo la kwanza liliwaangukia zaidi wakulima wa kaunti jirani ya Pinal kuliko wenye nyumba.

Tangu sheria ya 1980, mjenzi anayegawa ardhi kuwa viwanja katika eneo hili lazima athibitishe kwamba maji yapo ya kutosha kwa miaka 100. Juni 2023 gavana Katie Hobbs alitangaza kwamba vibali vipya vinavyotegemea maji ya chini ya ardhi peke yake vinasimamishwa, kwa kuwa mahesabu ya jimbo yalionyesha hayatafika miaka hiyo 100. Walioguswa zaidi ni pembezoni, hasa Buckeye na Queen Creek. Nyumba ambazo tayari zina kibali hazikufungiwa bomba. Ila ukinunua huko, uliza mtaa wako una kibali cha lini na maji yake yanatoka wapi.

Sasa ile hofu ambayo watu hawana. Sheria ya miaka 100 ina tundu: anayegawa ardhi vipande vitano au pungufu hahesabiki kuwa ni mgawaji wa viwanja, kwa hiyo hathibitishi chochote. Ndivyo zilivyoota nyumba nyingi za Rio Verde Foothills, nje ya mipaka ya mji wa Scottsdale. Nyumba nzuri, milima mbele yako, bei ya kuvutia, na maji yanaletwa kwa lori. Januari 1, 2023 Scottsdale ikaacha kuwauzia wenye malori maji ya kupeleka nje ya mipaka yake. Watu wakaanza kukinga mvua kwa ndoo wavute vyoo. Bunge la jimbo liliingilia kati baadaye mwaka huohuo, lakini miezi ile ilikuwa mirefu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa nyumba yoyote ya nje ya mji: ni bomba la jiji, la kampuni binafsi, kisima, au lori? Kwa ardhi ya namna hiyo iliyo nje ya mipaka ya mji, sheria inamtaka muuzaji akupe tamko la maandishi linaloeleza maji, njia ya kufikia kiwanja na mambo mengine. Lisome kabla hujapenda mandhari.

Nimeona mtaa ambao uwanja wa kila nyumba umejaa maji kama jaruba la mpunga. Bomba limepasuka?

Hapana, huo ni umwagiliaji wa mafuriko, na ukiuona jua umefika mtaa wa zamani wenye haki ya maji. Mitaa kama Arcadia ilikuwa mashamba ya machungwa, na haki ya maji ya mfereji imebaki na ardhi mpaka leo. Kiangazi, zamu huja takriban kila wiki mbili. Ratiba inaweza kukupa saa tisa usiku, basi unaamka, unavaa buti, unafungua lango lako, unakaa ukitazama maji yakipanda mpaka kwenye matuta yaliyozunguka bustani, kisha unafunga ili jirani naye apate. Ukipitiwa na usingizi, utamkuta asubuhi ana maneno.

Faida yake ni miti. Mtaa kama huo una kivuli ambacho mitaa mipya haitakuwa nacho kwa miaka 30 ijayo, na maji hayo ni rahisi kuliko ya bomba. Shida yake ni mbu, na mabomba ya mtaani ambayo wenye nyumba wenyewe ndio wanaoyatengeneza. Uliza yalitengenezwa lini mara ya mwisho, na nani alilipa.

Umeme naweza kuchagua kampuni?

Huwezi. Anwani ndiyo inayokuchagulia: Arizona Public Service au Salt River Project, na mstari unaweza kupita katikati ya mtaa. Zote mbili zina mipango ya bei inayopanda saa za jioni. Kwa mingi ya Arizona Public Service saa ghali ni kumi alasiri hadi moja jioni, siku za kazi. Muombe muuzaji bili za miezi 12, si ya Januari peke yake. Muulize pia umri wa kiyoyozi. Ukikuta nyumba ya zamani ina kile kipozeo cha maji cha juu ya paa na hakuna kingine, kinafanya kazi vizuri Juni hewa ikiwa kavu. Julai unyevu ukiingia, kinakupulizia hewa ya bafuni.

Jangwani kuna mafuriko?

Wageni hucheka. Bonde hupata mvua ya chini ya milimita 200 kwa mwaka, lakini inaweza kushuka yote kama imemwagwa kwa karai. Msimu wa mvua za radi huhesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30. Septemba 8, 2014 ilinyesha zaidi ya milimita 80 kwa siku moja, barabara kuu ya I-10 ikazama na magari yakaelea.

Kile unachokiona kama mchanga mkavu nyuma ya uzio, wenye vichaka viwili vitatu, huenda ni njia ya maji. Tazama ramani ya mafuriko ya FEMA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maafa, na ile ya idara ya kaunti inayodhibiti mafuriko, kwa anwani halisi ya nyumba. Bima ya kawaida ya nyumba haifidii mafuriko, na ya mafuriko kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo usingoje wingu. Angalia pia njia ya kutokea: kama barabara pekee ya mtaa inakatiza mkondo mkavu, siku ya mvua umefungiwa. Jimbo hili lina sheria ya kumlipisha gharama za uokoaji dereva anayezunguka kizuizi na kuingia kwenye maji, na watu wameipa jina la "sheria ya dereva mpumbavu".

Na nyufa za ardhi?

Zipo upande wa kusini mashariki, karibu na Queen Creek na San Tan Valley, na kwingineko ambako maji ya chini yalipompwa kwa miaka mingi mpaka ardhi ikadidimia. Idara ya jiolojia ya jimbo imezichora kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Dakika tano tu za kuiangalia.

Kwa nini dalali hataki kuniambia kama mtaa ni salama?

Usimkasirikie. Sheria ya makazi ya 1968 inakataza kumwelekeza mnunuzi kwa misingi ya rangi, dini au asili yake, na madalali wengi hukwepa kabisa maswali ya usalama na ya "watu gani wanakaa hapa" wasije wakajikuta mahakamani. Dada mmoja aliniambia, "Kaka, nimemuuliza mara tatu, ananiangalia tu kama nimemtukana." Nikamwambia afanye mwenyewe: takwimu za polisi ziko mtandaoni, na kwenda kuutazama mtaa Ijumaa usiku hakulipishwi kiingilio. Alienda, akagonga mlango wa jirani, akajitambulisha kwamba anataka kununua ile nyumba ya pembeni. Mzee aliyefungua alimpa dakika 40 na glasi ya maji, na habari za paa linalovuja ambazo hazikuwa kwenye fomu yoyote.

Shule zina uzito gani katika kuchagua?

Pungufu kuliko majimbo mengine. Tangu 1994 Arizona inaruhusu kumwandikisha mtoto katika shule ya umma nje ya eneo lenu ikiwa kuna nafasi, na shule za mkataba (charter), yaani za umma zinazojiendesha nje ya wilaya, zimeenea kila kona. Lakini usafiri ni wako, na foleni ya saa moja asubuhi ni yako. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba sehemu kadhaa za Phoenix zina wilaya moja ya shule za msingi na nyingine ya sekondari, hivyo ukisifiwa "wilaya" uliza ni ipi.

HOA ni nini, na niiogope?

Ni chama cha wamiliki wa nyumba, na mitaa mingi iliyojengwa miaka ya karibuni inacho. Unalipa ada, wanatunza njia na bustani za pamoja, na wana kanuni. Kuogopa si lazima. Kusoma kanuni ni lazima, na sheria inataka upewe nyaraka zake ununuapo.

Mimi niliandikiwa barua kwa ajili ya magugu yaliyoota kwenye kokoto mbele ya nyumba, nikiwa msibani nje ya nchi. Niliporudi nilikuta barua ya pili, yenye faini. Niliandika, nikaeleza, nikalipa. Kilichoniuma ni kwamba kanuni ilikuwepo kwenye karatasi nilizosaini bila kusoma, ukurasa wa kati.

Ndugu zangu wanaoendesha malori, hili ni lenu: HOA nyingi hukataza kuegesha lori au kichwa cha trela, hata mbele ya nyumba yako mwenyewe. Wanaopenda kufuga nao wasikie: sheria ya jimbo ya 2024 inazuia miji kukukataza kufuga mpaka kuku sita uwani, lakini haikuifunga mikono HOA.

Nimeona nyumba Sun City, bei ya chini kuliko kote. Kuna nini?

Kuna umri. Sun City ilifunguliwa Januari 1960 na mjenzi Del Webb kwa ajili ya wastaafu, na iko mingi ya namna hiyo Bondeni. Ni halali kisheria kudai kaya iwe na mtu wa miaka 55 au zaidi, na watoto hawaruhusiwi kuhamia. Kwa wazazi wenu wakija, pazuri. Kwa familia yenye watoto watatu, pitia tu.

Ninunue mbali, kwenye nyumba mpya, au karibu, kwenye ya zamani?

Kama kazi yako iko kwenye viwanda vya chipu za kompyuta, vya TSMC kaskazini au Intel kule Chandler, anza na ramani ya kazi. Buckeye inakupa vyumba vitano kwa bei ya viwili vya Arcadia, ila I-10 ya asubuhi utailipa kwa saa. Treni ya mjini, iliyoanza Desemba 2008, inafika Mesa, Tempe, katikati ya jiji, kaskazini magharibi, na tangu Juni 2025 kusini mwa Phoenix. Usiseme nyumba iko "karibu na treni" kabla hujatembea umbali huo alasiri ya Agosti. Mita mia nane ni nyingi.

Mitaa mipya ya pembezoni mara nyingi huwa na kodi ya ziada ya kulipia barabara na mifereji iliyojengwa. Haimo kwenye bei iliyoandikwa kwenye tangazo.

Kelele?

Ndege za kivita za F-35 hufanya mazoezi Luke, kambi ya jeshi la anga karibu na Glendale, na ukinunua jirani na kambi lazima utaarifiwe kwa maandishi. Sky Harbor, uwanja mkuu wa ndege wa jiji, nayo ilibadilishiwa njia za ndege Septemba 2014, na mitaa ya kihistoria ikaamka siku moja na ndege juu ya paa. Ilichukua mpaka 2017 mahakama kuwapa haki. Simama uani nusu saa, usizungumze.

Kuna la kusema kuhusu vumbi?

Dhoruba za vumbi huja Julai na Agosti, ukuta wa kahawia unaofunika mtaa kwa dakika chache. Udongo wa hapa una kuvu anayesababisha homa ya bonde, ugonjwa wa mapafu, na Arizona ndiyo inayoongoza kwa wagonjwa nchini Marekani. Kama nyumbani kuna mwenye kinga dhaifu, mtaa ambao viwanja vya jirani vitachimbuliwa miaka mitano ijayo si wa kwenu.

Nge je? Mke wangu amesema akiona mmoja tunarudi Minnesota.

Mwambie ukweli: mitaa iliyo karibu na milima, mikondo mikavu na yale mashamba ya zamani ya machungwa huwa nao zaidi, na yule wa rangi ya majani makavu ana sumu kali. Wanapenda kuta za matofali za uzio, kwenye nyufa. Ndani ya siku za ukaguzi, ambazo kwa mkataba wa kawaida wa Arizona ni 10, omba ruhusa uingie uwani usiku na tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya dola chache. Mulika ukutani polepole, kuanzia chini. Nge hung'aa kijani kama kalamu ya kuwekea alama, huwezi kukosea. Sisi tulihesabu wanne kwenye ukuta mmoja, tukamuuliza muuzaji, naye akatuonyesha stakabadhi za mpuliza dawa za miaka mitatu. Tulinunua. Mke wangu alidai uzio uzibwe nyufa zote kabla hajashusha hata sanduku moja, na muuzaji akakubali kulipa nusu.